Manowari ya Bei Nafuu na Njia ya Maji ya Kwenda Burma

Ramani ya Eastlands inakumbuka vita vyote viwili vikuu vya dunia, na vyote inavikumbuka kwa miguu. Kariokor ni jina lililosalia baada ya kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, watu waliobeba unga na risasi za wengine hadi maelfu kwa maelfu wakafa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Burma, soko lililo karibu na City Stadium kando ya Jogoo Road, limebeba jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles walipambana na Wajapani mwaka 1944. Leo ukimwambia makanga akushushe Burma atadhani unafuata nyama, na mara nyingi atakuwa amepatia.

Kati ya Jogoo Road na Burma kuna bahari. Jambo hili ni dhahiri kiasi kwamba masimulizi ya vita vile hulipita haraka: askari walipanda treni hadi Mombasa, wakapanda meli, wakashuka Colombo. Hadithi yenyewe huanza baadaye, kwenye matope ya bonde la Kabaw na ukingo wa mto Chindwin, kwenye mvua na homa. Naona kile kipande kinachorukwa kilistahili sura nzima. Kutoka Mombasa hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, ni zaidi ya kilomita 4,000 za maji, na ndani ya maji hayo walivizia Wajapani na Wajerumani katika nyambizi zao. Chombo kilichobuniwa mahsusi kulinda safari za aina hiyo kilikuwa manowari ndogo ya kubeba ndege, iliyosindikiza misafara ya meli. Haikuwa na sura, haikuwa na kasi, na ilipofika upande wetu wa dunia ilikuwa imechelewa.

Anayetaka kuelewa ilivyoundwa aende Kariobangi Light Industries atazame matatu ikitengenezwa. Hakuna fundi anayeanza na matatu. Anaanza na chesi ya lori, iliyotoka kiwandani kwa ajili ya mizigo, ikiwa na injini ya lori na springi za lori. Anachomelea bodi juu yake, anafunga viti na spika, na kitu kinaingia barabarani kikiwa na kazi nyingine kabisa, ingawa abiria wa kiti cha nyuma hukumbushwa asili yake kwenye kila tuta. Manowari hizi zilizaliwa hivyo hivyo. Serikali ya Marekani ilikuwa na mchoro sanifu wa meli ya mizigo ulioitwa C3. Kiwanda cha Seattle-Tacoma katika jimbo la Washington kilichukua kiunzi hicho, kikaliacha tumbo la meli na injini yake moja ya mvuke, kikajenga juu yake banda la ndege, na juu ya banda kikatandaza sitaha tambarare kutoka mbele hadi nyuma. Chumba cha nahodha kikasukumwa ukingoni upande wa kulia, mahali ambapo hakitamzuia rubani.

Matokeo yalikuwa meli ya urefu wa mita 150 hivi na uzito wa tani 11,000 na ushei, yenye rafadha moja na mwendo usiozidi sana maili 18 za baharini kwa saa. Tuilinganishe na HMS Illustrious, manowari kamili ya kubeba ndege iliyopita Kilindini, bandari ya Mombasa, mwaka 1942: tani 23,000, mwendo wa maili 30, sitaha ya chuma kinene cha kuhimili bomu. Sitaha ya ndugu yake mdogo ilikuwa ya mbao. Ndege alizobeba hazikuzidi sana 20, zikipandishwa kutoka bandani kwa lifti mbili. Ndege iliyotua ilinaswa kwa ndoano kwenye nyaya zilizokingamishwa sitahani, na iliyo nzito ilirushwa kwa manati ya haidroliki, kwa kuwa urefu wa sitaha peke yake haukutosha kuipa kasi ya kuruka.

Siri yake ilikuwa wingi. Manowari kamili ilichukua miaka kadhaa kujengwa. Hizi zilimwagwa majini kwa miezi. Mjenzi mmoja wa Marekani, Henry Kaiser, alikabidhi 50 za muundo unaokaribiana na huu katika mwaka mmoja, kati ya Julai 1943 na Julai 1944. Uingereza, iliyolianzisha wazo hili kwa kukata sehemu za juu za meli ya Kijerumani iliyotekwa na kuigeuza kuwa HMS Audacity mwaka 1941, ilipata 38 kutoka Marekani kwa mpango wa mkopo wa silaha. Audacity yenyewe haikuwa hata na banda: ndege zake ziliishi juani na mvuani sitahani. Ilifanya kazi miezi michache, ikazamishwa Desemba mwaka ule ule, lakini ilikuwa imeshathibitisha hoja.

Hoja ilikuwa nini? Nyambizi ya enzi hiyo haikuwa samaki. Ilikuwa mashua iendayo juu ya maji, yenye uwezo wa kujificha chini kwa muda. Juu ilitumia injini za dizeli na kuzishinda mbio meli nyingi za mizigo. Chini ilitegemea betri, ikatambaa polepole, na betri zikiisha ililazimika kuibuka. Ili kuuwahi msafara, nyambizi ilipaswa kukimbia juu ya maji kwa saa nyingi hadi ifike mbele yake, kisha izame na kungoja. Ndege moja tu ikizunguka angani, hata kama haina shabaha yoyote, iliivuruga hesabu hiyo. Kamanda wa nyambizi akiiona alizama, na akizama aliachwa nyuma. Ndiyo maana Swordfish, ndege ya mabawa mawili-mawili, mwili wa kitambaa na mwendo wa kuchekesha, iliendelea kuwa na kazi hadi mwisho wa vita. Haikuhitajika kuwa hodari. Ilihitajika kuwepo.

Na hapo ndipo mwanahistoria hupata taabu. Meli iliyozama ina tarehe, ina orodha ya abiria, ina mnara wa kumbukumbu. Meli iliyofika salama kwa sababu nyambizi fulani ilizama mapema na kuupoteza msafara haina kitu. Hakuna anayejenga mnara wa jambo ambalo halikutokea.

Wamarekani waliziita kwa herufi tatu, CVE, na mabaharia wao wakadai herufi hizo ni kifupi cha maneno yenye maana ya chenye kuwaka, chenye kudhurika na chenye kutupika. Mzaha huo ulikuwa na ushahidi. HMS Avenger ilipigwa torpido magharibi mwa Gibraltar tarehe 15 Novemba 1942, na katika mamia ya watu waliokuwemo walipona 12. HMS Dasher haikumhitaji hata adui: tarehe 27 Machi 1943, ikiwa katika maji ya Scotland, mvuke wa petroli ulilipuka ndani yake na watu 379 wakafa. Baada ya hapo Waingereza walisisitiza kubadilisha matangi ya petroli na mpangilio wa mizigo ya kuituliza meli kabla ya kuipeleka kazini. Wamarekani wakanung'unika kwamba meli zao zinakawia gatini wakati misafara inashambuliwa. Kila upande ulikuwa na haki yake, na wakati barua zao zikipishana, bahari nyingine zilingoja.

Bahari yetu ilikuwa mwishoni mwa foleni. Aprili 1942, manowari za Japani za kubeba ndege zilishambulia Colombo na Trincomalee na kuzamisha meli kadhaa za Uingereza, ikiwemo HMS Hermes. Kundi la meli za Mashariki chini ya Admirali James Somerville likarudi nyuma hadi Kilindini. Kwa muda, Mombasa ikawa makao ya kila kitu. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na wavunja siri waliosikiliza na kufumbua mawasiliano ya Japani. Viwanja vya ndege za jeshi la majini vikafunguliwa Port Reitz na Tanga. Hata Nairobi ilipata sehemu yake. Jeshi la Majini la Uingereza lina desturi ya kukiandikisha kila kituo cha nchi kavu kana kwamba ni meli, na karakana yake ya kukarabati ndege jijini Nairobi iliandikishwa kwa jina la HMS Korongo. Basi mji huu, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, uliwahi kuwa na manowari. Haikuwahi kuzamishwa.

Eastlands nayo ilikuwa ikibadilika kwa sababu ya vita hivyo hivyo. Uwanja wa Eastleigh ulifunguliwa kwa ajili ya jeshi la anga mwaka 1940. Ndio Moi Air Base ya leo, na ndio uliokuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi hadi Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Treni zilizobeba askari ziliteremka Mombasa zikiwa zimejaa, na waliobaki mitaani Pumwani na Shauri Moyo waliongezeka chumba kwa chumba. Kwa upande wa ndege, basi, Nairobi ilikuwa na karakana na uwanja. Kilichokosekana ni meli za kuzipeleka ndege hizo palipo na misafara.

Zilikuwa wapi? Atlantiki, kwanza, ambako Uingereza ilikuwa ikipigania chakula chake. Kisha kwenye misafara ya kwenda Urusi. Kisha Salerno, Italia, Septemba 1943, ambako manowari kadhaa za aina hii zilirusha ndege za Seafire kuwalinda askari waliokuwa wakishuka ufukweni. Upepo ulitulia siku zile, na ndege nyingi ziliharibika zikitua kuliko zilizoangushwa na Wajerumani. Maelezo yake ni mepesi: ndege hutua kwa usalama ikikabili upepo, upepo ukikosekana, meli inapaswa kuutengeneza kwa kukimbia, na meli ya maili 18 haina mbio za kutosha. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu angewaeleza hivyo bure, na angewaonya pia kuhusu tanga mbili, kile kipindi cha kati ya kaskazi na kusi ambapo bahari hulala na tanga hulegea.

Moja ya manowari za Salerno, HMS Battler, ndiyo iliyotumwa Bahari ya Hindi baada ya operesheni hiyo. Moja, kwa bahari inayotoka Durban hadi Bombay hadi Australia.

Mapema Februari 1944 msafara ulioandikwa KR 8 uliondoka Mombasa kwenda Colombo ukiwa na meli tano za askari. Moja ilikuwa Khedive Ismail, meli ya abiria iliyojengwa mwaka 1922 kwa ajili ya Chile, ikauzwa Misri, kisha ikaingizwa vitani. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa zaidi lilikuwa maofisa na askari 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia mabaharia, wauguzi 53 na wanawake wengine wa huduma za jeshi. Ulinzi wao ulikuwa manowari ya zamani HMS Hawkins, iliyobuniwa katika vita vya kwanza, na manowari mbili ndogo za kasi, Petard na Paladin. Ndege hazikuwepo.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga Khedive Ismail torpido mbili. Meli ilizama katika dakika chache mno, na waliokuwa ndani hawakupata hata njia ya kupanda juu. Kilichofuata ndicho kinachofanya kisa hiki kisisimulike kwa raha: nyambizi ilijificha chini ya mahali ambapo walionusurika walikuwa wakielea, na manowari zikadondosha mabomu ya kulipuka majini hapo hapo, katikati yao. I-27 iliibuka, Paladin ikajeruhiwa katika jaribio la kuigonga, na Petard ikaimaliza kwa torpido. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Je, manowari ya kubeba ndege ingewaokoa? Msomaji wa Eastlands anayo haki ya kuuliza, na jibu la haki si ndiyo ya haraka. I-27 ilikuwa imezama na kuvizia kwenye mlango wa bahari ambao misafara ilijulikana kupita; ndege huiona nyambizi iliyo juu, si iliyonyamaza chini. Lakini nyambizi haiishi chini. Ilibidi ifike hapo, ijaze betri, ichungulie, na kila hatua ya hizo ingekuwa ngumu zaidi chini ya anga lenye doria. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba msafara wa Atlantiki wenye watu wengi kiasi hicho, kufikia mwaka 1944, usingeachwa uende bila ndege juu yake. Sitaki kulifanya hili kuwa suala la rangi peke yake; wauguzi wa Kiingereza walizama pamoja na wapiga mizinga kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni suala la foleni, na foleni hupangwa na mtu.

Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Machi 1944, Battler ilionyesha ilichoweza. Kusini-mashariki mwa Mauritius, rubani wa Swordfish aliikuta meli ya mafuta ya Ujerumani, Brake, ikizigawia nyambizi mafuta. Manowari HMS Roebuck iliitwa ikafyatua mizinga, na Wajerumani wakaizamisha meli yao. Pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika. Nyambizi zilizofanya kazi mbali hivi na nyumbani zilitegemea meli chache sana za mafuta. Brake ilipoondoka, baadhi yao zililazimika kukatisha kazi na kurudi kituoni Penang. Ndege ya kitambaa, bila kuzamisha chochote kwa mkono wake, ilikuwa imezinyima chakula.

Kisha zikaja mbili zaidi kutoka kile kiwanda cha Tacoma. Moja iliitwa Bolinas na nyingine Jamaica hadi zilipokabidhiwa Waingereza, ambao walikuwa wameamua kuzipa manowari za mkupuo huu majina ya watawala. Wakapatikana Begum na Shah, Ameer, Rajah na Khedive. Hawakufikia Kabaka wala Liwali. Agosti 1944, Begum na Shah zikiwa na manowari ndogo za kuwinda zilitumwa kuifuata nyambizi ya Ujerumani U-198, ambayo siku za 6 na 7 mwezi huo ilikuwa imezizamisha Empire City na Empire Day, meli mbili za mizigo, katika maji ya mashariki mwa Msumbiji na Tanganyika. Tarehe 10 ndege ya aina ya Avenger kutoka Shah iliiona na kuilazimisha kuzama. Toka hapo ilikuwa kazi ya subira. Siku mbili baadaye, karibu na Shelisheli, kilomita 1,400 hivi mashariki mwa Mombasa, HMS Findhorn na HMIS Godavari ya jeshi la majini la India ziliifikia na kuiangamiza. Wote 66 waliokuwemo walikufa.

Naipenda mantiki ya kisa hiki, kama mtu anaweza kupenda kitu katika kisa cha namna hiyo. Manowari ya kubeba ndege haikuua. Ilitafuta, ikaona, ikamfungia adui chini, ikawaachia wengine. Hata sifa za vitabuni huenda kwa Findhorn na Godavari. Mwaka uliofuata Shah iliingia katika msako wa manowari kubwa ya Japani, Haguro, na manati yake ikaharibika. Ikabidi marubani wake na ndege zao za Avenger wahamie kwenye sitaha ya HMS Emperor ili waendelee na kazi. Tarehe 16 Mei 1945 Haguro ilizamishwa na manowari nyingine tena.

Kufikia hapo askari wa Kitengo cha 11 cha Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuvuka Chindwin. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alikuwa miongoni mwa waliopita Ceylon hadi Burma na kurudi. Askari Mwafrika aliporudi, malipo yake ya kuachishwa jeshi yalipimwa kwa kipimo cha chini kuliko cha Mzungu wa cheo hicho hicho. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail wasio na kaburi wametajwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, upande wa pili wa jiji. Eastlands, iliyotoa jina la soko kwa waliopigana msituni, haina uchochoro hata mmoja wenye jina la meli yao.

Manowari zenyewe zilirudishwa Marekani, kwa kuwa mkopo ni mkopo. Battler ilivunjwa mwaka 1946. Nyingine ziligeuzwa tena kuwa meli za biashara: sitaha ikang'olewa, na C3 iliyokuwa imefichwa chini yake ikaonekana upya. Begum ilipewa jina la Raki ikabeba mizigo. Shah ilinunuliwa na Waargentina, ikaitwa Salta, ikawa meli ya abiria ya kuwahamishia watu wa Ulaya Amerika ya Kusini. Usiku wa tarehe 22 Desemba 1963, siku kumi baada ya bendera ya Kenya kupandishwa Nairobi, meli ya watalii Lakonia iliwaka moto karibu na Madeira. Salta ndiyo iliyotangulia kufika, ikawatoa majini na katika mashua watu zaidi ya 400, wakahesabiwa na kuandikwa majina. Ilivunjwa Buenos Aires mwaka 1966. Raki iliendelea kubeba mizigo miaka kadhaa zaidi, hadi zamu yake ilipofika mwaka 1974, Taiwan.